Nukta Tatu za Chula: Somo la Kuchora Jina la Gemu kwa Herufi za Pikseli

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu wasomaji, katika toleo hili nimeombwa niandike somo, nami nimechagua jambo ambalo huenda baadhi yenu mkashangaa kulisikia kwa mwanafunzi wa Masomo ya Kiislamu. Nataka tujifunze kuchora jina la gemu ya kompyuta kwa herufi za kizamani zenye kina, zile ambazo ukizitazama huona kama zimejengwa kwa matofali madogo na kusimama mbele ya skrini. Sitaandika kama fundi aliyebobea. Naandika kama mtu aliyekosea, akasahihishwa na bibi yake, kisha akarudi kwenye vitabu vyake vya darasani na kukuta kwamba somo lilikuwa humo tangu zamani.

Kosa langu

Sisi ni wanafunzi wanne tunaotengeneza gemu ndogo ya mashua. Mchezaji anatoka Kismayo na kwenda kusini kisiwa baada ya kisiwa: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, mpaka karibu na Ras Kiamboni. Anasoma upepo na maji kupwa na maji kujaa, anakwepa miamba, anafikisha mizigo. Gemu tumeiita Chula, kwa sababu ndiko walikotoka wazee wangu. Wenzangu wana kazi zao za programu, muziki na ramani. Mimi nilipewa jina.

Niliamua jina liandikwe mara mbili: juu kwa hati za Kiarabu, kama bibi yangu na wazee wengi wa kwetu wanavyoandika Kiswahili chao, na chini kwa herufi za Kilatini. Nilikesha siku tatu. Nikazipa herufi kina kirefu sana, zikatokeza kama ngome. Wenzangu walipoziona walishangilia, tukapanga kuzipeleka kwenye maonyesho ya chuo.

Likizo ikafika, nikaenda Kismayo kwa bibi. Baada ya Alasiri nikampa simu atazame. Bibi hasomi Kilatini, lakini Qur'ani na barua za kwao anazisoma bila miwani. Akaisogeza simu, akaisoma polepole.

"Jula," akasema. "Ndiyo nini Jula?"

"Chula, bibi. Kwetu."

Akatazama tena. "Nukta zetu mbili umezipeleka wapi?"

Palikuwa na sahani ya tende kati yetu. Bibi akachukua kokwa tatu, akazipanga juu ya mkeka, mbili juu na moja chini, kisha akazikusanya na kuziacha moja. "Hivi ni Jula," akasema. Akazirudisha zote. "Hivi ni Chula. Basi umeipoteza kwa kutaka uzuri."

Niliporudi kwenye kompyuta niliona alichokiona. Herufi چ ina nukta tatu chini yake. Ikibaki nukta moja ni ج, yaani jimu. Isipobaki hata moja ni ح. Kile kina changu kirefu kilikuwa kimeteremka kutoka kwenye mwili wa herufi na kuzifunika nukta mbili za juu. Moja ya chini ndiyo iliyosalimika. Wenzangu hawakuiona, nami mwenyewe sikuiona, kwa sababu tulikuwa tukitazama uzuri na hatukuwa tukisoma.

Mwenzetu mmoja aliniambia, "Ndugu yangu, acha tu. Wachezaji watasoma Kilatini hapo chini." Hoja yake ilikuwa na uzito, maana muda ulikuwa umetuishia. Lakini nilimkumbusha jambo moja. Vita vya Somalia vilipopamba moto mwaka 1991, Wabajuni wengi walitoka visiwani. Wengi walikimbilia pwani ya Kenya, na wengine wakafika Ulaya. Huko Uingereza, Wabajuni walioomba hifadhi wamekuwa wakiulizwa habari za visiwa vyao na lugha yao ili ithibitike wanatoka wapi. Kwa watu kama hao jina la kisiwa si pambo. Yupo mtoto aliyezaliwa mbali ambaye huenda akaliona jina la kwao limeandikwa kwa hati za bibi yake kwa mara ya kwanza kwenye gemu yetu. Je, tumwoneshe jina la uongo? Tukakubaliana nianze upya.

Pikseli, na kwa nini za zamani

Picha yoyote kwenye skrini imeundwa kwa vimraba vidogo vya rangi vinavyoitwa pikseli. Leo ni vidogo mno na vingi mno, jicho halivioni kimoja kimoja. Katika gemu za miaka ya 1980 vilikuwa vichache na vikubwa. Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983, ilionesha pikseli 256 kwa 240 tu. Picha zake zilipangwa kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8, na kila kigae kiliruhusiwa rangi tatu pamoja na rangi ya nyuma. Gemu nzima ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilikuwa na kilobaiti 40. Picha moja unayopiga kwa simu yako leo ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi.

Herufi za Kiarabu nazo zilipita katika tundu hilo jembamba. Kampuni ya Al-Alamiah ya Kuwait, iliyoanzishwa mwaka 1982 na Mohammed Al-Sharekh, ilitoa kompyuta za Sakhr zilizotumia mfumo wa MSX zikiwa na herufi za Kiarabu. Watoto wengi wa nchi za Kiarabu walijifunzia hapo. Fikiria kazi ya kuingiza sini na meno yake yote, au thaa na nukta zake, katika vimraba 8 kwa 8.

Basi mtindo huu wa kizamani ulizaliwa na uchache. Fundi alikuwa na rangi nne na nafasi ndogo, ilimbidi aamue kila kimraba kina kazi gani. Leo hatulazimiki, lakini tunauchagua kwa sababu unatufundisha kuacha kisichohitajika. Na kwa timu ndogo kama yetu, isiyo na fedha, ni mtindo unaowezekana.

Nukta katika elimu yetu

Hapa ndipo vitabu vya darasani viliponisuta. Tuliosoma Ulumul Qur'an tunajua kwamba misahafu iliyoandikwa wakati wa Sayyidna Uthman (r.a.) haikuwa na nukta wala irabu. Waarabu wa wakati ule walisoma kwa hifadhi na kwa ulimi wao. Uislamu ulipoenea kwa watu ambao Kiarabu si lugha yao, makosa ya kusoma yakaanza kutia hofu. Abul Aswad Ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kuweka nukta za rangi nyingine kuonesha irabu. Kisha Nasr bin Asim na Yahya bin Ya'mar wanatajwa katika kazi ya kuweka nukta za kutofautisha herufi zinazofanana, kama ba na ta, jimu na ha, wakati Al-Hajjaj alipokuwa liwali wa Iraq. Baadaye Al-Khalil bin Ahmad akaziweka alama za irabu tunazozijua leo.

Tazama sababu yao. Nukta hazikuwekwa ili msahafu upendeze. Ziliwekwa ili msomaji wa mbali, asiyekuwepo mwanzoni, asipotee. Zilikuwa huruma kwa msomaji.

Karne mbili na ushei baadaye, Ibn Muqla, waziri na mwandishi wa Baghdad aliyefariki mwaka 328 Hijria (940 Miladia), akaitumia nukta kwa kazi ya pili, yaani kipimo. Nukta ni alama inayoachwa na ncha ya kalamu ya mwanzi ikigusa karatasi mara moja. Kwa nukta hiyo hupimwa urefu wa alif, na kwa alif hupimwa herufi nyingine zote. Kalamu ikiwa nene, nukta ni kubwa na herufi zote hukua pamoja nayo kwa uwiano ule ule.

Nao waashi wa Iran na Asia ya Kati walikuja na Kufi ya mraba, wakaandika majina matukufu kwenye kuta za misikiti kwa kupanga matofali: tofali moja ni nukta moja, hakuna mviringo hata mmoja. Ukiitazama Kufi ya mraba leo utadhani imechorwa kwenye kompyuta.

Pwani yetu nayo ina Kufi, ingawa si hiyo ya mraba. Kule Unguja, msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kufi yenye mapambo kwenye mihrabu, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Pale kina cha herufi hakikutiwa kwa rangi. Jiwe limechongwa, na mwanga ukipita juu yake kivuli hujilaza pembeni mwa herufi. Hicho ndicho tunachokiiga kwenye skrini tunapotia kina, ila sisi tunakichora kivuli kwa mkono.

Kwa hiyo nukta ina kazi mbili: inapima herufi, na inahifadhi maana. Kosa langu lilikuwa kuisahau ya pili. Somo lote linalofuata limesimama juu ya kanuni moja: uso wa herufi kwanza, kina baadaye.

Somo, hatua kwa hatua

Huhitaji programu ya kununua. GIMP, Piskel na Pixelorama zote hupatikana bure. Chukua pia karatasi ya hesabu yenye miraba na penseli.

Hatua ya 1: Andika kwa mkono na uthibitishe imla. Liandike jina kwa hati ya kawaida kabla ya kugusa kompyuta. Kiswahili kina sauti ambazo Kiarabu hakina, kama p, ch, v na g. Katika maandishi ya zamani ya pwani, herufi moja ba ingeweza kusomwa b, p au mb, na msomaji akajua kwa muktadha. Jina la gemu halina muktadha. Liko peke yake juu ya skrini. Kwa hiyo tumia پ, چ na ڤ zenye nukta zake kamili. Mwoneshe mtu anayesoma, asikie anasema nini. Mimi niliiruka hatua hii, ndiyo maana mnaisoma habari hii.

Hatua ya 2: Chagua nukta yako. Mimi nimechagua nukta ya pikseli 4 kwa 4. Unene wa kila mstari ni nukta moja. Alif na lamu zina urefu wa nukta 6, yaani pikseli 24. Jina langu چولا lina vipande viwili: چو ambavyo vimeungana, na لا. Nimeipa cha upana wa nukta 6, wau 4, nafasi ya nukta 1, na lam-alif 4. Jumla ni nukta 15, sawa na pikseli 60.

Hatua ya 3: Chora uso peke yake, kwa rangi moja. Uso ni ile sehemu inayokutazama. Jaza miraba kwenye karatasi, kisha kwenye kompyuta, rangi moja juu ya nyeusi. Mkia wa wau uteremke nukta 2 chini ya mstari. Nukta za cha ziwe na pikseli 4 kila moja: acha nafasi ya nukta moja chini ya mwili wa herufi, weka mbili zilizotengana kwa nukta moja, acha tena nafasi ya nukta moja, kisha weka ya tatu katikati. Usiendelee mpaka uso usomeke vizuri. Kina hakijawahi kuisomesha herufi isiyosomeka.

Hatua ya 4: Pima kina kwa nafasi ulizonazo. Hapa ndipo penye hesabu, na ndipo nilipoanguka. Kina hutengenezwa kwa kunakili uso, kuupaka rangi ya giza, kuuweka tabaka la chini, kisha kuusogeza pikseli moja kulia na moja chini. Ukirudia mara tatu una kina cha pikseli 3. Kila pikseli ya kina inakula pikseli ya nafasi iliyo chini na kulia mwa herufi.

Mwanzoni nilikuwa nimeacha pikseli 2 tu kati ya mwili wa cha na nukta zake za juu, na nukta zenyewe ni pikseli 4. Jumla ni 6. Kina changu nacho kilikuwa pikseli 6, na tabaka la nukta nilikuwa nimeliweka chini ya tabaka la kina. Kikateremka juu ya nukta mbili na kuzifunika kamili, kana kwamba nimekusudia. Wau nayo ilikuwa na tundu la pikseli 4 kwa 4, likazibika lote, wau ikafumba jicho.

Kanuni ni hii: nafasi yoyote iwe kubwa kuliko kina, angalau kwa pikseli moja. Kina cha 3 kinataka nafasi ya 4. Hiyo moja inayobaki ndiyo mstari wa kutenganisha. Kwa matundu ya herufi kama wau, mimu na fa, toa zaidi. Tundu la pikseli 8 kwa 8 likiliwa 3 kutoka juu na 3 kutoka kushoto, hubaki 5 kwa 5, na jicho linaliona. Na nukta ni sehemu ya uso: zipande tabaka moja na herufi, juu ya kina chote, nazo zipewe kina chao.

Hatua ya 5: Rangi nne, mwanga mmoja. Mimi nimetumia rangi ya chokaa kwa uso, nyeupe kwa ukingo unaopigwa na mwanga, kahawia ya boriti kwa kina, na buluu iliyokolea kwa mstari wa nje. Mwanga wetu unatoka juu kushoto. Basi mstari mweupe wa pikseli moja upite kingo za juu na za kushoto za uso, na kina kibaki chini na kulia. Herufi moja ikipata mwanga wa upande mwingine, jina zima linalegea. Halafu zungushia kila kitu mstari wa nje wa pikseli moja.

Sasa hesabu kimo: herufi 24, nafasi na nukta za chini 16, kina 3, mstari wa nje juu na chini 2. Jumla 45. Upana ni 60 na 3 na 2, yaani 65. Nikachukua turubai la 72 kwa 48, sawa na vigae 9 kwa 6 vya mtindo wa zamani, na jina likaenea.

Hatua ya 6: Kilatini kifuate hesabu ile ile. Usichore CHULA kwa fonti iliyo tayari ukaiweka chini ya kazi ya mkono. Itaonekana kama mgeni aliyekosa njia. Tumia unene ule ule, kina kile kile, mwanga ule ule. Tundu la A ndilo la kuchungwa, kama tulivyochunga la wau. Ukitaka iwe ndogo zaidi, ipunguzie urefu na uache unene wake kama ulivyo.

Hatua ya 7: Ijaribu kabla ya kuipenda. Fanya majaribio manne. Kwanza, iondoe rangi ibaki nyeupe, kijivu na nyeusi. Ikipotea, tofauti ya uso na kina ni ndogo. Pili, isome ukiwa hatua tano mbali na skrini. Tatu, funika kina chote, usome uso. Nne, na hili ndilo kubwa, mpe mtu ambaye hajui umeandika nini, umuulize tu, "Hapa pameandikwa nini?" Usimsaidie hata kwa jicho.

Hatua ya 8: Hifadhi bila kuharibu. Hifadhi kwa PNG, kwa maana JPEG huchafua kingo za pikseli. Ukikuza, kuza mara 2, 3 au 4 kamili, na uchague njia isiyolainisha pikseli. Skrini ya gemu yetu ni 320 kwa 180. Ikikuzwa mara 6 inakuwa 1920 kwa 1080 bila salio. Usiikuze picha ya jina peke yake ndani ya gemu, maana utapata pikseli kubwa na ndogo kwenye skrini moja. Ukitaka jina kubwa, rudi hatua ya 2 na uchague nukta ya pikseli 8. Na ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, itume kama faili. Ukiituma kama picha ya kawaida itabanwa na kupoteza ukali wake.

Adabu za kazi hii

Mimi si mufti, na penye hukumu tuwaulize masheikh wetu. Lakini yapo mambo ambayo mwanafunzi yeyote Muislamu anaweza kuyachunga.

La kwanza, majina ya Mwenyezi Mungu na aya za Qur'ani tusiyafanye mapambo ya gemu. Jina la gemu hulipuka, hukanyagwa na vibonzo, hukatwa vipande likiingia na kutoka. Kufi ya mraba ilipamba misikiti, na heshima ya mahali ilikuwa pamoja nayo. Skrini ya gemu si mahali hapo. Majina ya visiwa, mashua na pepo yanatutosha.

La pili, wakati. Kazi ya pikseli ina ulevi wake. Unasema, "Nirekebishe hiki kimoja tu," unashtukia Maghribi imekaribia kutoka. Mimi sasa naweka kengele, nikisikia adhana nahifadhi na kufunga. Pikseli hazikimbii.

La tatu, ihsani. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba ihsani imeandikwa katika kila jambo, hata katika kumchinja mnyama. Ikiwa hata pale, itakuwaje katika kuandika jina la watu? Zamani nilidhani ihsani ni kuzidisha uzuri. Kokwa za tende za bibi zimenifunza kwamba ni kumpa kila mwenye haki haki yake. Nukta ina haki yake, msomaji ana haki yake, na kisiwa kina haki ya kuitwa kwa jina lake.

Mwisho

Nilimaliza jina jipya usiku wa kuamkia maonyesho. Kina chake ni nusu ya kile cha kwanza, na kusema kweli halitishi kama lile. Mwenzangu wa programu alisema la zamani lilikuwa na nguvu zaidi, nami sikubishana naye. Nililituma Kismayo kama faili, binamu yangu akamfungulia bibi. Nikaisikia sauti yake kwenye simu. Alilisoma mara moja, bila kusita: "Chula." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Zoezi kwako, ndugu msomaji: chukua karatasi ya miraba, chora jina la mahali walikotoka wazee wako kwa nukta za miraba minne, uso tu, bila kina. Kisha ulipeleke kwa mtu mzima wa nyumbani kwenu anayesoma hati hiyo, umpe bila kusema neno. Akilisoma sawasawa, rudi hatua ya 4. Akisita, usimsahihishe yeye. Sahihisha karatasi.

Mwenyezi Mungu atupe ikhlasi katika elimu zetu na itqani katika kazi za mikono yetu, awarehemu wazee wetu waliotangulia, na awajaalie salama waliotawanyika mbali na kwao. Amin.